Programu ya Zamu za Maji

"Haya ni kweli tupu, radi inipige!" Mzee Eliakimu aliwaambia watu wa msaragambo, kazi ya pamoja, waliokuwa wakizibua mfereji wa kijiji, juu milimani. "Programu ya kupanga zamu za maji nimeitunga mwenyewe, kichwani, nikichunga mbuzi."

Alikuwa na sababu ya kuapa. Biashara zilikuwa huria siku hizo, na tajiri mmoja kutoka Same alikuwa amesimama pale pale, tayari kuinunua na kuifunga, kila kijiji kilipie.

Mjukuu wake Lukia, aliyefundisha kompyuta mjini, akaegemea jembe. "Babu, ile si ilikuja kwenye diski ya bure? Masharti yake kama ya ndiva, bwawa letu: anayekunywa ashike jembe, na hakuna wa kutia kufuli."

"Diski ilikuja tupu, mke wangu."

"Basi ifungue, utusomee mstari wa kwanza."

Wakajazana ofisini kwa ushirika na matope yao. Eliakimu, ambaye hakuwahi kuchungulia ndani ya programu hiyo, akavaa miwani na kusoma kwa sauti: "Imetungwa na wengi, ikarekebishwa na Lukia. Atakayedai kaitunga peke yake atanywesha msaragambo mzima dengelua."

Tajiri akashika njia ya kuteremka.

"Nilikuwa nawapima tu," Eliakimu akasema.

"Tupimie pombe, babu!" watu wakaitikia.

Jumamosi akawamiminia hiyo dengelua, kata kwa kata, huku akiapa kwamba miwa yake ilikomaa kwa usiku mmoja.