Birika Lililotoweka kwenye Menyu

Alasiri ile Bu Wakiyem alivuta kiti mbele ya kompyuta ya redio, akafungua menyu, na birika lake halikuwepo.

Akatazama tena. Michezo ipo, ofisi ipo, sauti ipo. Lakini ile picha ya birika la bluu, ambayo tangu redio ianzishwe ukiibonyeza tu mluzi wa birika linalochemka unaruka hewani, keroncong, muziki wa taratibu wa magitaa, inafuata pamoja na salamu yake Bu Wakiyem iliyorekodiwa, na kijiji kizima kinajua kipindi cha Wedang Sore, yaani Kinywaji cha Alasiri, kimeanza, ilikuwa imepotea kama moshi wa mwenye jiko zuri.

Nyuma yake kikombe kiligonga kisahani.

"Chai, Bu Besan," alisema Pak Gito.

Pak Gito alikuwa mwenyekiti mpya wa redio. Kabla ya hapo alikodisha spika za harusini, na kwa hiyo alikuwa mtu ambaye akiona maikrofoni, hata iliyozimwa, hurekebisha kola ya shati. Pia alikuwa besan wake Bu Wakiyem: mwanawe wa kiume alimwoa binti wa Bu Wakiyem, na mjukuu wao ni mmoja. Na besan, huku Java, kando ya mto Opak, ni kama yai bichi, hushikwa kwa viganja viwili. Besan hagombani na besan. Wakichukiana hupelekeana ndizi.

"Asante, Pak Besan. Naona menyu imekonda."

"Ilijaa mno. Nimeipunguza kidogo ipate kupumua."

"Vizuri sana. Hata mimi nilikuwa naisikia ikihema."

"Basi. Na wewe pia, Bu Besan, upumue kidogo. Studio hii ina vumbi, na kifua chako kile..."

"Kifua changu kinakushukuru, Pak Besan."

Wakatabasamu wote wawili. Bu Wakiyem akanywa chai yote, ingawa ilikuwa na sukari ya kutosha kulisha kichuguu cha sisimizi, akaaga kwa adabu, akatoka. Alikuwa amefukuzwa, na alijua. Kwao hakuna mtu anayesema toka. Mgeni akikaa mno huulizwa kama kwake mvua imeshaanza kunyesha.

Nje, Bu Legi alikuwa akikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, chini ya dirisha la studio, mahali pazuri kwa mtu mwenye masikio.

"Yu Yem!" alimwita, yaani Dada Wakiyem. "Mbona leo tunasikia muziki wa dangdut saa ya birika?"

"Birika linapumua."

"Linapumua! Besan wako huyo? Mwambie! Mimi ningemwambia mpaka masharubu yake yadondoke sakafuni."

"Ndiyo maana wewe huna besan, Legi. Una maadui watatu waliooa kwako."

Bu Legi akacheka mpaka tempe ikaungua. Kisha akaacha kucheka. "Lakini Yu, Jumapili ni sikukuu ya redio. Pak Camat anakuja. Mwenyekiti akishatoa hotuba anasoma hewani vipindi vya mwaka mzima. Kama chako hakitajwi..."

"Najua."

Nani asingejua? Kipindi kinachotajwa hewani mbele ya Camat, mkuu wa tarafa, ndicho kipo. Kisichotajwa kimekufa, na maziko yake hayana hata sahani ya wali. Na Bu Wakiyem tangu afiwe na mumewe alikuwa na kuku wawili na saa ya ukutani, wote watatu wakijua kusema na hakuna hata mmoja ajuaye kusikiliza. Saa ya birika ndiyo saa pekee ambayo alisema neno na mtu akamjibu.

"Sasa utafanya nini, Yu?"

"Nitampelekea ndizi."

Akazipeleka Ijumaa, saa ile ambayo wanaume wote wako msikitini na kijiji kinabaki mikononi mwa wenye akili. Redio ilikuwa inajiendesha yenyewe kwa nyimbo zilizopangwa. Bu Wakiyem aliweka kapu la ndizi mezani, akaketi.

Kompyuta ile ilikuwa kuukuu, inatumia Linux, na aliyeifundisha kutembea ni fundi Bagas, kabla hajaenda Batam kutafuta riziki. Bagas aliwaketisha wazee wa redio kwenye benchi moja, Bu Wakiyem na Pak Gito bega kwa bega, akawapa mafunzo mawili. La kwanza, chai isimwagwe juu ya kibodi. La pili, kila picha mnayoiona kwenye menyu ni pazia tu. Nyuma yake kuna faili dogo la maandishi, lenye mstari wa jina, mstari wa picha, na mstari wa kazi inayotakiwa kufanywa. Faili la asili linakaa kwenye folda kuu ya mashine. Ukilinakili kwenye folda ya nyumbani, mashine inalitii la nyumbani kwanza.

"Kama mambo ya ndoa," Bagas aliwaambia. "Sheria ya serikali ipo, lakini inayofuatwa ni ya mke."

Bu Wakiyem aliingia folda ya nyumbani, akalikuta faili la Wedang Sore limetulia mahali pake. Jina lipo. Birika lipo. Kazi ipo. Ila chini kabisa palikuwa na mstari mmoja mgeni, unaosema jambo hili lisionyeshwe.

"Lo," alisema. "Hajanizika. Kanifunika shuka tu."

Angeweza kuufuta mstari ule akaenda zake. Lakini Pak Gito angeuandika tena kesho, naye angeufuta tena, na wangeendelea hivyo wakichekeana na kunyweshana chai mpaka Jumapili ipite na yeye hakutajwa. Alimenya ndizi moja kati ya zile alizomletea besan wake, akaitafuna taratibu. Na utamu ulipofika kooni, akayakumbuka macho ya Pak Gito.

Pak Gito hakuvaa miwani. Alikuwa nayo, mkewe alisema imelala kabatini kama bibi harusi aliyeachwa. Lakini mtu anayepaka nywele rangi hawezi tena kuvaa miwani, kazi yote itaharibika. Kwa hiyo kwenye menyu alikwenda kwa picha. Hotuba yake ya Jumapili, aliyoirekodi na kuirekodi upya mpaka mbuzi wa jirani akaijua, alikuwa ameitengenezea kitufe chenye picha ya spika nyekundu, nyekundu ya kuonekana ng'ambo ya mto.

Bu Wakiyem alifuta vidole kwenye sketi. Kwanza akaufuta ule mstari wa kufichia. Kisha akaichukua spika nyekundu, akaipa faili lake mwenyewe. Faili la hotuba akalipa picha ya kikokotoo, kwa sababu kila menyu ina kikokotoo na hakuna anayekitazama. Majina hakuyagusa hata herufi. Chini ya spika palisomeka wazi kabisa Wedang Sore, na chini ya kikokotoo, Hotuba ya Mwenyekiti. Hakumdanganya mtu. Mwenye macho alikaribishwa kusoma.

Akamenya ndizi ya pili kwa ajili ya njia, akaziacha zilizobaki karibu na kibodi.

Jumapili studio ilijaa harufu ya wali wa manjano na mafuta ya nywele. Pak Camat alikalishwa kwenye kiti chenye mto. Bu Legi aliliacha karai lake, akaja kusimama mlangoni. Bu Wakiyem alikaa nyuma kabisa, mikono mapajani, mpole kama sahani iliyooshwa.

Pak Gito alirekebisha kola. Akawasha maikrofoni, akasalimia wasikilizaji wa mbali na wa karibu, akasema sasa watasikiliza maneno machache aliyoyaandaa. Akafungua menyu. Akainama. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

Bu Wakiyem aliacha kupumua.

"Pak Gito," alinong'ona Pak Camat, "chukua miwani yangu."

"Aa, Pak Camat! Macho haya bado ni ya kijana."

Akabonyeza spika nyekundu.

Mluzi wa birika ukapasua hewa. Keroncong ikaingia, na juu yake sauti ya Bu Wakiyem mwenyewe ikasema, "Haya wenzangu, washeni majiko! Mwenye umbeya na asogee, asiye nao atapewa. Saa ya birika imefika!"

Jasho likamtoka Pak Gito likiwa na rangi kidogo ya nywele. Akajaribu kuizima, akafungua dirisha jingine, keroncong ikazidi kwenda. Bu Wakiyem akainuka kwa heshima, akamsogelea sikioni.

"Bonyeza kikokotoo, Pak Besan."

"Bu Besan, huu si wakati wa utani!"

"Wallahi, hotuba yako iko kwenye kikokotoo."

Akamtazama kama mtu anayeumwa jicho aliyeletewa pilipili.

Hapo ndipo Pak Camat alipoangua kicheko. "Lo! Kumbe mmeanza na birika! Mama mkwe wangu haondoki redioni mpaka hili birika lipige. Alinituma nimuulizie kwa nini wiki hii halikusikika."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza. Angesema nini, mzee wa watu? Kwamba amekosea, mbele ya Camat? Kwamba amemfukuza besan wake, mbele ya mjukuu wao aliyekuwa anakula yai pale mlangoni? Pak Gito akarekebisha kola, na maikrofoni, ile ile aliyoipenda maisha yake yote, ikamvuta ulimi.

"Ndiyo... kama mlivyosikia... sisi kamati tumechagua kufungua sherehe kwa sauti ya besan wangu mpendwa. Kipindi hiki kilipumzika kidogo. Sasa kitaendelea. Kila alasiri. Mwaka mzima."

"Haleluya!" alipiga kelele Bu Legi, ambaye hakuwa Mkristo, ila alikuwa na furaha.

Hotuba hakuipata kamwe. Alizungumza kutoka moyoni, kifupi, na Pak Camat akasema hajawahi kusikia hotuba nzuri ya mwenyekiti kama ile, kwa maana iliisha wali ukiwa bado wa moto.

Jumatatu alasiri Bu Wakiyem alirudi kazini. Pak Gito hakuwepo, lakini chai ilikuwepo, imefunikwa. Akafungua menyu. Spika nyekundu imerudi kwa mwenyewe. Na Wedang Sore? Akaitafuta juu mpaka chini, na mwisho akaikuta kwenye kundi la michezo, kati ya karata na nyoka, na picha yake haikuwa birika tena. Ilikuwa kasuku, mdomo wazi.

Alicheka mpaka akashika ubavu. Hakuibadilisha. Kasuku alimpendeza, tena huonekana vizuri.

Ndipo alipoona, kando ya kibodi, pamoja na maganda ya ndizi, ile miwani ya Pak Gito ya kabatini, sasa yenye kamba mpya ya shingoni. Akaivaa kidogo kuona kama inamfaa. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akairudisha pale pale. Kisha akambonyeza kasuku.

"Haya wenzangu," alisema rekodi ilipokwisha, "wimbo wa kwanza leo namtumia besan wangu, yule mwenye macho ya kijana."