Funga Kabisa

Godhana alikuwa juu ya ngazi, keekee mkononi, akitoboa tundu la kumi na moja, ukuta ulipommwagia udongo kifuani. Akakohoa. Akangoja. Akakohoa tena.

"Warya, wewe, polepole," akasema Gure, mwendesha injini ya dizeli, aliyekuwa amemshikia ngazi. "Ukikohoa mara nyingine ukuta wote utashuka, halafu bomba tutalifunga kwenye mbavu zako."

"Mbavu zangu hazifai. Nazo zimejengwa kwa fito."

Kwenye mchoro uliokuja na lori kutoka Mombasa, ukuta wa karakana ya serikali ya Garsen ulikuwa wa mawe. Ulichorwa vizuri sana, jiwe juu ya jiwe, na mshale ulionyesha mahali pa kila skrubu. Ukuta wenyewe haukupata habari hizo. Ulikuwa wa fito za mikoko na udongo wa mtoni, ukapakwa chokaa mwaka ule mgeni mkubwa alipotarajiwa asije. Skrubu ya kwanza waliiingiza kwa kidole gumba, na ilitoka mtu alipopiga chafya.

Kwa hiyo Godhana aliuweka mchoro kando, kwa heshima zote, na kufanya kazi kwa akili yake. Kila mahali palipohitaji skrubu alitoboa hadi nje, akapitisha bolti ndefu, akaweka kibao cha mbambakofi, mti mgumu waliokuwa wakiupasua hapo, ndani na kingine nje, ili udongo ubanwe katikati usipate pa kukimbilia. Siku nne alikuwa akifanya hivyo. Bomba la bati, nene kama paja la mtu aliyeshiba, lilianzia chini ya meza ya msumeno, likapanda ukutani, likafuata boriti hadi kona ya mwisho, na hapo likatokea nje kwenye feni. Kila kiungo alikizungushia turubai lililopakwa lami.

Hakuna aliyemwomba afanye vizuri kiasi hicho. Alikuwa na sababu yake. Vumbi la mbambakofi ni laini kama unga na kali kama pilipili, na Godhana alikuwa amelivuta miaka tisa. Dresa wa zahanati alimwekea sikio mgongoni, akasikiliza kwa muda mrefu, akamwambia kifua hicho hakitavuka masika mengine ndani ya vumbi. Halafu ikaja amri: kesho lori lichukue mtu mmoja wa karakana kwenda Hola kubeba udongo wa mifereji, naye awe yule asiyeweza kumaliza ubao mmoja bila kusimamisha msumeno. Amri haikutaja jina. Haikuwa na haja.

"Bomba likifanya kazi leo," nyapara Galgalo alikuwa amemwambia asubuhi, "na wewe ukapasua mbao kama watu, nitajibu kwamba karakana yangu haina mtu wa namna hiyo. Lisipofanya, ndugu yangu, sina la kukusaidia."

Saa nne, baada ya chai isiyo na sukari, maana Dubow wa dukani alikuwa amepandisha bei tena, Gure aliwasha injini. Mkanda ukazunguka, feni ikaanza kunguruma. Godhana akachota vumbi kiganjani, akalisogeza mdomoni mwa bomba. Likatoweka. Kiganja kikabaki kitupu.

"Limekula!" Gure akapiga kelele. "Lipe jingine! Lina njaa kuliko sisi!"

Godhana akaweka ubao mezani. Akapasua mmoja. Akapasua wa pili. Alipofika katikati ya wa tatu aliinua macho, akaona ukuta wa pili wa karakana, wote, pamoja na misumari iliyotundikiwa makoti. Katika miaka tisa hakuwahi kuuona ukuta huo msumeno ukiwa kazini. Akamaliza ubao ule bila kusimama.

Ndipo Landrova ikaingia uani.

Aliyeshuka alikuwa ofisa wa kazi, Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kabisa kwa kuwa hakuna sentensi aliyoiacha bila neno hilo. Bwana Kabisa alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali. Cheti chake kilitundikwa ofisini, ndani ya kioo, juu ya kiti chake, na aliyekwenda kuomba ruhusa ya ugonjwa alisimama akikitazama kwa muda mrefu wa kutosha kukikariri.

Aliingia, akatazama bomba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaenda hadi kona ya mwisho, akalisukuma kwa mkono. Pale palikuwa na bolti mbili ambazo Godhana hakuwa amezikaza bado. Bomba likatikisika.

"Hapana," akasema Bwana Kabisa. "Hii nacheza. Galgalo! Hii nacheza kabisa. Funga. Funga yote, leo. Funga kabisa."

"Ndiyo, Bwana," akajibu Galgalo kutoka mlangoni.

Bwana akatazama saa. Alitaka kuwahi kivuko, na safari yake ilikuwa ya wiki mbili. Landrova ikaondoka na vumbi lake lenyewe.

Godhana alichukua spana, akapanda ngazi, akakaza bolti ya kwanza. Alikuwa kwenye ya pili Galgalo aliporudi na kipande cha bati, nyundo, na kopo la misumari.

"Shuka," akasema. "Ziba mdomo."

"Mdomo wa nani, mzee?"

"Wa bomba. Umesikia mwenyewe. Bwana amesema lifungwe."

Godhana alishuka taratibu. "Mzee Galgalo, amesema tulifunge ukutani. Tukaze bolti. Alilisukuma likacheza."

"Amesema hiki ni kitu cha kucheza. Hapendi vitu vya kucheza."

"Amesema linacheza! Linatikisika!"

"Alisema kaza? Neno kaza ulilisikia?"

Godhana akaitazama spana yake. "Hapana. Alisema funga."

"Basi."

Gure alikuja akifuta mikono kwa tambara. "Mzee, duka likifungwa, linafungwaje?"

"Kwa mlango."

"Na mbuzi akifungwa?"

"Kwa kamba."

"Sasa bomba ni duka au ni mbuzi?"

"Gure, rudi kwenye injini yako kabla sijakufunga wewe."

Gure alirudi. Godhana hakuondoka. Alisema, kwa sauti ya chini, "Mwandikie barua. Muulize tu."

Galgalo alitazama nje, kuhakikisha ua ulikuwa mtupu. Yeye ni Muorma, Godhana ni Mpokomo, na Kiswahili wote wawili walikikuta kazini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na cheti chake.

"Nimwandikie nini? Bwana, Kiswahili chako hatukukielewa? Nyapara aliyekuwa hapa kabla yangu alimwambia bwana mmoja kwamba kifaru si kiboko. Unajua yuko wapi? Mimi pia sijui." Akaushusha mkono wenye bati. "Pengine unasema kweli. Nina watoto sita, Godhana. Nikilifunga na alitaka liachwe wazi, nimetii. Nikiliacha wazi na alitaka lizibwe, nimekaidi. Piga misumari."

Kwa kuwa Godhana ndiye fundi, ilikuwa kazi yake. Alikata bati duara, akakunja kingo, akapiga misumari kumi na miwili kukizunguka kishikio cha mbao kilichoushika mdomo wa bomba. Hakujua kufanya kazi vibaya. Hata pumzi isingepita.

"Na feni?" Gure akauliza kutoka kwenye injini.

Galgalo alifikiri. "Feni hakuitaja. Iache."

Hivyo mchana kutwa feni ya serikali ilinguruma kwa nguvu zake zote, ikivuta bomba tupu. Galgalo aliandika taarifa, akamwita Godhana aitie sahihi kama shahidi. Godhana alisoma herufi kwa herufi, kama walivyomfundisha walimu wa misheni: *Bomba la vumbi limefungwa kabisa.* Bwana angeisoma na kufurahi. Ilikuwa kweli, na hapakuwa na mahali pa kuisahihisha. Akatia sahihi.

Mbao zilikuwa zikingoja. Akajifunga kitambaa puani, akaanza. Ubao wa kwanza vumbi lilipanda hadi kifuani. Wa pili likaufuta ukuta wa pili, makoti na misumari yake. Kwenye wa tatu alijizuia kukohoa hadi machozi yakatoka, akabana meno, akasukuma ubao shubiri moja, na shubiri nyingine. Halafu mwili ukainama wenyewe. Gure alikata injini bila kuambiwa, maana mkono wa mtu ulikuwa karibu mno na meno ya msumeno.

Kikohozi kilikwisha baada ya muda. Katikati ya lile wingu Galgalo alikuwa amesimama na fomu ya Hola, kalamu juu ya mstari mtupu. Hakumtazama usoni.

"Jina lako," akauliza kwa upole, "wanaliandika kwa z, au kwa d na h?"

Godhana alifungua kitambaa, akatema pembeni, akafuta mdomo.

"D," akasema. "Halafu h."