Mlima wa Ndani ya Chumba

Leonidasi alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, Kasulu, tangu alfajiri, ametulia. Mkewe Esteri alimwonya kwamba mtu haendi kwa daktari akihema kama mbuzi aliyefukuzwa. Basi akatoka kijijini kwao Kitahana jana yake, akalala kwa ndugu, akaoga, akapumzika. Nesi alipomfunga nyaya za kupimia moyo, moyo ulikuwa mpole.

"Karatasi yako safi, baba."

"Moyo unanibana nikipanda mlima, sista. Kama mtu amenikalia kifuani."

"Hapa hujapanda mlima. Moyo wa hivyo unataka mashine ya mle ndani. Unachoshwa kwanza, ndipo wanapiga picha waone kama damu inaufikia moyo. Lakini madaktari bingwa waliotutembelea wanaondoka leo, na orodha imejaa."

"Aliiandika nani?"

"Wenyeviti wenu wa vijiji."

Mlango wa chumba haukufungika vizuri. Leonidasi akamwona Marcel, mwenyekiti wao, aliyemwoa dada yake. Miaka kumi walipasua mbao pamoja, Marcel juu ya gogo, yeye chini shimoni akimeza unga wa mbao. Sasa Marcel alikuwa kifua wazi, anatembea juu ya mkanda usiofika popote. Daktari akauinua mkanda, ukawa mlima.

"Ongeza, daktari! Mimi Muha!"

Wakamlaza ubavu, wakampaka mafuta, wakapitisha kifaa kifuani. Kwenye kioo cha mashine moyo ukaonekana unadunda.

"Sehemu zote zinacheza vizuri," daktari alisema. "Damu inafika kote."

Leonidasi aliutazama moyo ule, mnene, umeshiba. Alikwisha kumwonea Marcel wivu wa bati na wa pikipiki. Leo alimwonea wivu hata wa kuhema.

Marcel akatoka akijifuta, akamsalimu kwa Kiha. "Shemeji! Mwakeye! Nawe umefika?"

"Nilikuomba uniandike. Mara mbili."

"Ulisema kifua. Mimi nikajua ni lile vumbi letu la mbao."

"Na wewe unaumwa nini?"

"Siumwi. Umri wetu huu, lazima mtu ajijue."

Daktari akachungulia nje. "Jamani, nani ana nguvu? Mashine ya mkanda iende kwenye gari."

"Huyu hapa," Marcel akasema. "Mpasua mbao. Ng'ombe kabisa."

Leonidasi akasimama. "Daktari, nikibeba mtanipima?"

"Tumeshazima, mzee wangu. Mwakani, Mungu akipenda."

Angeweza kukaa. Lakini pengine daktari angemtazama usoni akiwa amebeba. Akainama.

Gari lilikuwa juu, mwisho wa ngazi. Marcel alitangulia, ameshika ncha ya mbele kwa mkono mmoja, simu sikioni. Uzito wote ulimwangukia aliyekuwa chini. Daktari alikuwa tayari garini, anakunja nyaya.

Ngazi ya sita, yule mtu akaja akamkalia kifuani.

"Sukuma, shemeji! Umelala?"

Jasho la Leonidasi lilidondokea mkanda, tone baada ya tone. Kile kioo cha kuonyesha moyo walikuwa wamekwisha kukifunga kwenye blanketi.