Kinachoingia Mdomoni mwa Pipa

Kwenye karatasi za mashindano farasi yule alikuwa na jina refu lenye mfalme na upepo ndani yake, lakini pale mabandani hakuna aliyekuwa na pumzi za kulitaja lote. Walimwita Pipa. Rangi yake chai ya maziwa, miguu mirefu, shingo ya kujivuna, na kizuizi cha kufika mtu kifuani alikiruka kama anavuka dimbwi. Ila tumbo sasa! Kuna farasi wanakula debe la shayiri na mbavu zao bado unazihesabu ukiwa ng'ambo ya uwanja. Pipa akipita tu kando ya jani bichi, mshipi wa tandiko unabana.

Mlishaji wake alikuwa mzee mwembamba kama mpini wa jembe, naye jina lake lilishasahaulika. Aliitwa Mzee Gramu, kwa kuwa hakuna unyasi uliomfikia Pipa bila kupanda mizani kwanza. Kilo nane za nyasi kavu kwa siku, wala si zaidi, zimegawanywa mara nne ili tumbo lisikae tupu. Fungu likizidi, mzee alichomoa ujiti mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Kisha aliziloweka saa nzima kwenye beseni mpaka maji yakawa ya kahawia, akayamwaga mbali, maana sukari yote imekimbilia humo. Halafu nyasi zikaingia kwenye wavu wa matundu madogo, na wavu huo ndani ya wavu mwingine, ili Pipa avute kutwa nzima apate kidogo kidogo. Akitolewa uwanjani alivishwa kikapu mdomoni chenye kitundu kimoja chini. Nafaka, marufuku. Na kila kitu kiliandikwa kwa chaki kwenye ubao mlangoni, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu.

Chumba cha mzee kilikuwa mwisho wa safu ya mabanda. Kitanda, jiko, meza, viti viwili. Kiti kimoja kilikaliwa na nguo safi zisizokunjwa tangu mkewe alipofariki, mwaka juzi. Mkewe alikuwa mpenzi wa mkate. Dukani mkate hauuzwi nusu, na hata ungeuzwa, mzee asingejua kuuomba, mdomo wake ulishazoea kusema, "Nipe mmoja." Kwa hiyo kila siku alinunua mmoja. Siku za mwanzo alijaribu kula pale mezani, akaona kila akitafuna, sauti inajaa chumba kizima. Akahamishia kula yake bandani. Asubuhi na jioni, mkate kwapani, anageuza ndoo, anakaa mlangoni mwa Pipa, na wanakula huku wakizungumza. Yaani mmoja alizungumza. Mwingine alisikiliza, masikio mbele, na kwa kusikiliza vile hakuna mtu aliyemfikia.

Basi, wiki tatu kabla ya mashindano, daktari wa mifugo akaja. Mama wa makamo, mikono mikubwa, mdomo haujui kunong'ona. Akamzungusha Pipa utepe kifuani, akasoma, akasoma tena.

"Mita mbili na sentimita moja," alisema. "Mnamlisha nini huyu, saruji?"

Mzee Gramu akauonyesha ubao. Daktari akasoma mstari kwa mstari, akatikisa kichwa. "Hiki ni chakula cha mgonjwa. Kwa hiki angekonda." Akainama, akashika kwato za mbele kwa kiganja. "Zina joto. Bado si ugonjwa, lakini ugonjwa uko njiani na umeshafunga mizigo. Uzito huu ukiendelea, kwato zitaharibika asitembee tena, achilia mbali kuruka."

Pembeni alisimama binti anayempanda Pipa, mwenye farasi ni mama yake. Pale wote walimwita Bi Mdogo, ingawa alimpita mzee kwa kichwa kizima.

"Inatakiwa ngapi, daktari?"

"Sentimita mia moja tisini na nane, nikirudi kwa kipimo cha mwisho. Juu ya hapo siweki sahihi kwenye fomu ya mashindano."

Bi Mdogo akamgeukia mzee, akashusha sauti. "Babu, mama ameshaongea na kambi ile ya mbali. Kule kila farasi ana mashine inayomwaga chakula. Pipa asipopungua, anapelekwa moja kwa moja. Mimi nimemwambia mama Babu ataweza. Usiniangushe."

"Hakuna gramu itakayopita," alisema mzee.

Na hakuna iliyopita. Alipunguza kilo nzima kwa siku. Akaloweka nyasi saa moja na nusu. Jioni, akiwa juu ya ndoo yake, alimweleza Pipa hali ilivyo. "Wanataka kukupeleka kwenye mashine, unasikia? Mashine haina hata salamu." Pipa akamsukuma bega kwa pua.

Wiki ikapita, daktari akarudi na utepe. Mita mbili na sentimita mbili.

Bi Mdogo akautazama ubao, na ingekuwa afadhali angefoka.

"Kuna mwizi," alisema mzee. "Kuna mtu anamlisha huyu farasi kwa siri."

Akabadilisha kufuli la ghala la nyasi. Akamnunia mlinzi siku mbili bila kumweleza kosa lake. Akaenda hadi kwa mama fundi wa matandiko, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa kaliinamia tandiko na sindano yake kubwa.

"Wewe, Mama Sindano, humtupii Pipa maganda?"

"Maganda ya nini? Mimi ndizi nakula na ganda lake, kwa njaa hii." Akakata uzi kwa meno. "Mzee, mimi mshipi wa huyo farasi nimeutoboa matundu mapya mara tatu tangu mwaka jana. Mara ya nne nitatoboa kwenye tandiko. Kamtafute mwizi wako, lakini mtafute karibu."

"Karibu wapi?"

"Mimi nashona tu, baba."

Jumapili, siku isiyo na mazoezi, mzee akaamua kumlinda Pipa kutwa nzima, bila kubandua jicho. Akachukua daftari na kalamu. Juu ya ukurasa akaandika: KILA KINACHOINGIA MDOMONI MWA PIPA. Akapigia mstari mara mbili. Akageuza ndoo, akakaa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi: nyasi, kilo moja na robo tatu, zimeloweshwa. Akaandika.

Saa moja kasoro kumi: maji. Akaandika.

Saa moja: alamba jiwe la chumvi. Akaandika na hilo, maana kazi ni kazi.

Saa moja na robo njaa ikamkumbusha. Akatoa mkate kwapani, akamega kipande, akala. Akamega kingine, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, kama alivyonyoosha kila siku kwa mwaka na zaidi. Midomo laini ikakichukua kiganjani. Akamega chake tena. "Mke wangu angekuwepo," alianza kusema, "angeshamkamata huyo mwizi zamani..."

Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye karatasi, imeandika *Saa moja na robo*, na nukta mbili baada yake. Ikasimama hapo.

Pipa alikuwa bado anatafuna. Makombo kwenye sharubu.

Mzee Gramu akautazama ule mkate. Naapa hakuwa mwongo. Ungemwamsha usingizini umuulize kama anampa farasi chakula cha nje, angekula yamini kwamba hampi, na yamini ingekuwa safi. Chakula kilikuwa kile cha kwenye mizani. Mkate haukuwa chakula. Mkate ulikuwa mazungumzo.

Akainuka, akaenda kwenye mizani, akaning'iniza kile kipande kilichobaki. Akapima, akajumlisha asubuhi na jioni, akapiga mara siku. Kisha akarudi kwenye ndoo, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *mkate, nusu, kutoka kwa mlishaji.*

Jumatatu alimpelekea Bi Mdogo daftari lenyewe, kwa kuwa kusema asingeweza. Binti akasoma. Akasoma tena lile neno la mwisho. Mzee alikuwa anatazama viatu vyake.

"Babu. Tangu lini?"

"Tangu msiba."

Binti akafunga daftari. Ni kama alitaka kukasirika akakosa mahali pa kuanzia. "Hazijabaki hata wiki mbili," alisema. "Mama hatajua. Lakini kipimo siwezi kukidanganya."

Daktari, alipopigiwa simu, alicheka mpaka simu ikakwaruza. Halafu akaacha kucheka. "Mkate basi. Na wewe mzee usile mbele yake. Akikuona unatafuna atasimama hapo akuombe, na farasi anayesimama hachomi mafuta. Kula kwako. Halafu mtembeze, saa nzima, kila asubuhi na mapema, kabla ya mazoezi."

"Mama Sindano, ni mimi," mzee alimwambia fundi siku ile.

"Najua ni wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mwaka mzima nusu mkate unapita hapa mlangoni kwangu unaenda kwa farasi, na mimi nimekaa hapa na meno yangu yote!"

Siku iliyofuata mzee akampelekea nusu. Fundi alishukuru, akala huku anashona, akamsimulia habari za goti lake, kisha za goti la dada yake, kisha za shemeji. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Mzee aliinama na kuitikia pale panapoitikiwa, na alipotoka nje akagundua kwamba yeye mwenyewe hajasema hata neno moja.

Akala chumbani, basi. Alizitoa nguo kwenye kile kiti, akazikunja, akaona kiti kitupu ni kibaya zaidi, akazirudisha. Saa moja na robo, kutoka ng'ambo ya ukuta, Pipa aliita. Farasi ana sauti ya kuita chakula na sauti ya kuita mtu, na mzee alizijua zote mbili, na hii hakutaka kuipambanua. Alitafuna polepole ili asifanye kelele, kana kwamba farasi angemsikia. Siku ya pili Pipa aliita kwa muda mrefu zaidi. Siku ya tatu alipiga mlango teke. Siku ya tano mzee alishika kipande mkononi, akasubiri, saa moja na robo ikafika na kupita, na hakukuwa na sauti yoyote. Siku hiyo mkate ulibaki mezani.

Kipimo cha mwisho kilikuwa Jumamosi. Bi Mdogo alikuja na mama yake, mwanamke nadhifu aliyesimama mbali na kinyesi na kuangalia saa. Gari la kubebea farasi lilikuwa uwanjani, mlango wazi. Liende mashindanoni au liende kambini, dereva alikuwa hajui bado, alikuwa amelala.

Daktari akazungusha utepe. Mzee alitazama kuta, dari, ubao, kila mahali isipokuwa pale.

"Mia moja tisini na nane," alisema daktari, "na unywele. Unywele nauacha, mwenyewe alizaliwa nao." Akashika kwato. "Baridi." Akaweka fomu mgongoni mwa Bi Mdogo, kwa kukosa meza, akatia sahihi.

Mama mwenye farasi akaitikia kwa kichwa. "Basi akirudi abaki hapa," alisema, akaenda zake.

Mzee Gramu alimsogelea daktari. "Sasa kwa kuwa amepungua," alisema, "labda siku mojamoja..."

"Hapana."

"Kipande tu."

"Hata harufu, mzee. Hivi alivyoumbwa ndivyo atakavyokuwa mpaka anazeeka. Ukimpenda, usimpe."

Pipa alikwenda mashindanoni siku nne, akashika nafasi ya tatu, akarudi. Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, mzee alimvisha hatamu kukiwa bado na ukungu, akamtoa kwa matembezi. Walipita kando ya uzio bila kusema, mmoja huku mmoja kule, wakiheshimiana kama wakwe. Zamani maneno yalikuja yenyewe pamoja na mkate. Sasa mzee aliyatafuta, akakuta hajui yanaanzia wapi. Alikohoa. Pipa aligeuza sikio moja, akasubiri, hakupata kitu, akalirudisha.

Penye kona ya uzio majani mabichi yalikuwa yamefika magotini, yana umande. Pipa akasimama. Mzee akavuta hatamu. Pipa hakusogea, akamtazama.

"Na mimi nina njaa," Mzee Gramu alimwambia. "Twende."