Samansi Matangani

Mume wangu Hiza alishindwa kesi kwa sababu ya kucheka, na mimi nilicheka kuliko yeye.

Tulikuwa kwenye matanga ya baba mkwe, kijijini Kang'ata, alipoingia Isaka, mpeleka samansi wa mahakama. Isaka ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwetu Wazigua ni mtani. Msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Akavaa kanzu ya marehemu, akajilaza mlangoni, kisha akampa Hiza karatasi.

"Mital wa Korogwe kakushtaki! Eti hujamrudishia ushuru wa forodha aliokulipia wa trekta. Usipofika mahakamani, trekta linaondoka, na mkeo Mwaija nambeba mimi!"

Tulishika mbavu. Ushuru Hiza alishamrudishia Mital, risiti anayo, nani angeamini kwamba ni kesi kweli? Samansi tukawashia moto wa pilau, Isaka tukampa kuku aende zake.

Basi Mital, wakala wa forodha, akashinda akiwa peke yake mahakamani. Mvua inakaribia, dalali wa mahakama akaja kulifunga trekta mnyororo, na shamba letu lote linalitegemea hilo. Hapo nililia.

Tukaenda Korogwe kuomba hukumu itenguliwe. Hakimu, mama asiyejua kutabasamu, akamwapisha Isaka.

"Samansi uliwapa?"

"Niliwapa, Mheshimiwa."

"Ukiwa umevaa nini?"

Isaka akatazama viatu vyake. "Kanzu ya marehemu."

"Nao wakafanyaje?"

"Walinipa kuku."

"Siku hiyo ulikuwa kazini au kwenye utani?"

"Vyote, Mheshimiwa. Nauli ni ileile."

Hakimu akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Alipokiinua, uso ulikuwa mkavu. Akatengua hukumu, akaamuru trekta lifunguliwe na kesi isikilizwe upya Jumatatu.

"Lakini wewe Hiza, usipofika, hilo trekta nitalichukua mwenyewe, nikalimie kwangu."

Hiza akaangua kicheko. Nilimfinya, wapi!

"Unacheka?"

"Samahani, Mheshimiwa. Kwani wewe ni kabila gani?"

"Humu ndani mimi ni mahakama."

Kicheko kikamfia mdomoni. Jumatatu tulifika kabla geti halijafunguliwa, Hiza kashika risiti kwa mikono miwili. Mlinzi, umri wa mwanetu wa mwisho, akamtania kwamba leo kesi hakuna. Hiza akamwamkia shikamoo.