Mfuko wa Kushoto

Fundi aliwashonea watu mashati yakawakaa sawasawa, lakini lake mwenyewe lilimpwaya, na mfuko wa kushoto aliutia kitambaa kigumu mara mbili. Ndani ya mfuko hamkuwa na kitu. Nyuma ya mfuko huo, kifuani, palikuwa na kovu refu, pale daktari alipomwondolea titi lenye saratani. Mkewe tu ndiye aliyejua. Wengine wote waliambiwa lilikuwa jipu baya, likatumbuliwa, likapona.

Mwanamume na saratani ya titi! Angeanzia wapi kusema? Hata kliniki, kila nesi mgeni alimwambia, "Baba, wasindikizaji wanasubiri nje." Naye alijibu kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa ni yeye, wanawake wote kwenye benchi wakamkodolea macho, kisha wakajifanya wanatafuta kitu mikobani.

Ila hayo aliyavumilia. Kilichomla moyo ni kaka yake. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa domo na vicheko, na akikukumbatia mbavu zinalia. Kila Jumamosi alikuja dukani kukaa kwenye kigoda karibu na cherehani na kuwatania wateja. Fundi, kwa kuogopa kifua chake kisijulikane, akaanza kumpa mkono kwa mbali.

"Siku hizi unanisalimia kama mkaguzi," kaka yake alilalamika. Fundi akacheka tu. Jumamosi zikapungua, mwisho zikakatika kabisa. Mwaka na ushei sasa. Fundi bado alikifuta kigoda vumbi, na kila mlango ulipolia aliinua kichwa. Alimkumbuka mpaka akawa anawatania wateja kwa maneno ya kaka yake, na hayakuchekesha.

Jumamosi moja mlango ukalia, akawa ndiye. Lakini safari hii kaka ndiye aliyetoa mkono kwa mbali.

"Sikai. Binti yangu anaolewa, nataka koti."

Fundi alichukua futi mbio mbio, moyo unamruka kwa furaha. Alipoizungusha kifuani, kaka yake aliruka nyuma.

"Andika vipimo vya zamani, uongeze upana. Na mfuko wa kushoto utie kitambaa kigumu."

Futi ikamdondoka Fundi. Miaka yote ya kazi, aliyewahi kutaka mfuko wa namna hiyo alikuwa mmoja tu.

"Kaka, una nini hapo?"

"We fundi au polisi? Kijipu tu. Si kama lile lako? Nangoja liive."

"Tangu lini?"

"Miezi minane. Lako si lilipona bwana?"

 Uongo wa Fundi mwenyewe ulikuwa umesimama mbele yake, unataka kushonewa koti. Akafunga mlango, akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kaka yake aliangalia. Hakucheka.

"Halikuwa jipu," Fundi alisema. "Saratani ya titi."

"Kwani wanaume tuna matiti?"

"Tunayo. Ya kutosha kutuua."

Kaka yake akaketi kwenye kigoda taratibu. "Ndiyo maana ulinikwepa?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikadhani umenichoka." Akanyanyua mikono, akasita, hajui aguse wapi.

"Kumbatia tu. Haliumi."

Jumatatu walikwenda kliniki pamoja. Namba ilipoitwa, nesi mgeni alichungulia nyuma yao kutafuta mwanamke.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Mimi hapa," kaka alijibu, kwa sauti ile ile ya kuwafokea wanafunzi wanaosahau breki. Benchi zima liligeuka. "Na mdogo wangu huyu alipona hapa hapa kwenu, muulizeni."

Nesi alitabasamu, akamwelekea Fundi. "Leo una namba?"

"Sina."

"Basi, Baba, wasindikizaji wanasubiri nje."

Miaka miwili alikuwa akiyabishia maneno hayo. Leo hakuwa na la kubisha. Alitoka, akakaa, koti kuukuu la kaka yake mapajani, macho mlangoni, akitamani namba ile ingekuwa yake.