Trei Iliyoachwa Wazi

Eucabeth Nyamoita alikuwa amefunga vidonda kwa miaka kumi na minne kabla ya Mwalimu Ombui kumwandikia, mbele ya wagonjwa, kwamba hajafaulu kufunga kidonda.

Miaka hiyo yote alikuwa muuguzi wa cheti katika zahanati ndogo nje ya Kebirigo. Alizalisha, alichanja, alishona waliojikata kwa panga. Alipofika miaka thelathini na tisa aliomba ruhusa ya masomo akaingia chuo cha uuguzi mjini Kisii, ili apande ngazi awe muuguzi msajiliwa. Wenzake darasani walikuwa wadogo kiasi kwamba walimwita Mathe, yaani mama, na yeye hakukasirika. Alichokuja kutafuta hakikuwa heshima ya watoto.

Kabla jina la mwanafunzi halijapelekwa kwa Baraza la Wauguzi ili afanye mtihani wa taifa, ilikuwa lazima afaulu majaribio manne ya vitendo, wodini, kwa mgonjwa halisi. Matatu alikuwa amemaliza. La nne lilikuwa kusafisha na kufunga kidonda bila kuingiza uchafu. Eucabeth alilicheka.

"Hilo ni kama kuniuliza kama najua kusonga ugali," aliwaambia wenzake.

Jumanne asubuhi alisukuma kigari chake hadi kitanda cha tisa katika wodi ya upasuaji ya wanawake. Kitandani alilala Kwamboka, mama kutoka Suneka aliyejikata muundi kwa jembe na kidonda kikaoza. Mwalimu Ombui alisimama miguuni pa kitanda na fomu yake kwenye ubao. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mkavu wa maneno, na kalamu tatu mfukoni.

Eucabeth alinawa, akafungua trei iliyochemshwa, akavaa glavu safi, akaanza. Alikuwa amefika katikati ya kazi aliposikia chuma kikigonga chuma nyuma yake.

Katika kitanda cha kumi alikuwa bibi mmoja, Nyangate, aliyepasuliwa tumbo siku iliyotangulia. Bado dawa ilikuwa imemlewesha. Alikuwa amepitisha miguu yote miwili juu ya vyuma vya kitanda, anataka kwenda nyumbani kukama ng'ombe. Mpira wa dripu ulikuwa umechomoka mkononi, damu inatiririka kwenye shuka. Wodi ile ilikuwa na wagonjwa thelathini na wawili na muuguzi mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameenda kumchukua mgonjwa chumba cha upasuaji.

Eucabeth hakufikiri. Aliruka, akamdaka bibi kwapani, akamrudisha kitandani, akaubana mkono wake kwa shashi ya vidonda, akimwita mama mzee kwa lugha yao.

"Tulia, mong'ina. Ng'ombe wamekamuliwa tayari. Tulia."

Bibi akatulia. Damu ikakoma. Yote hayo hayakuzidi dakika nne. Eucabeth akavua glavu zenye damu, akavaa nyingine, akarudi kwa Kwamboka, akanyoosha mkono kuchukua koleo kutoka kwenye trei.

"Simama hapo," Mwalimu Ombui akasema.

"Mwalimu?"

"Weka mikono chini. Tumemaliza."

Alikwenda mwenyewe kuleta trei nyingine, akakifunga kidonda pole pole. Kisha akaandika kwenye fomu na kumpa aitie sahihi. Juu kabisa palikuwa na neno moja: HAJAFAULU.

"Kwa sababu nimemwokoa mgonjwa asianguke?" Eucabeth aliuliza. Sauti yake ilipanda hadi wagonjwa wakainua vichwa.

"Soma sababu, sista. Imeandikwa."

Hakusoma. Alitia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi, akaikunja nakala yake mara nne, akaitia mfukoni mwa sare.

Kufikia saa ya chakula cha mchana chuo kizima kilikuwa na habari. Mathe ameangushwa kwa kuokoa maisha. Wasichana wa darasani walimzunguka.

"Mwalimu Ombui ana roho mbaya," mmoja akasema. "Angetaka bibi avunjike nyonga ndipo akupe alama?"

Eucabeth alisimulia tena, na tena. Kila aliposimulia, bibi Nyangate alikuwa ameinama zaidi kuelekea sakafuni na damu ilikuwa nyingi zaidi. Na kila aliposimulia, ile sehemu ya kurudi kwenye trei ilizidi kuwa fupi, mpaka ikawa haipo.

Ijumaa alikwenda nyumbani karibu na Itumbe. Mumewe, Haron, alifanya kazi kiwanda cha chai, upande wa kupakia. Sabato, baada ya kanisa, akina mama walikusanyika uani kwake wakala pamoja ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, na Eucabeth akaombwa aseme. Akasema. Akina mama wakapiga kelele za hasira. Mmoja akatoa shauri mwalimu huyo aombewe, mwingine akasema aombewe baada ya kufukuzwa kazi.

Wageni walipoondoka, Haron alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, anachokonoa meno.

"Mama Gesare, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Baada ya kumlaza huyo mong'ina, ulinawa?"

"Nilibadilisha glavu."

"Sawa. Lakini ulinawa?"

Eucabeth akamtazama. "Kwa nini?"

"Nauliza tu. Sisi kiwandani, ukitoka kwenye mstari hata kumfungulia mtu mlango, supavaiza anakurudisha kunawa. Na hayo ni majani ya chai tu, yatachemshwa."

"Haron, wewe umewahi kumshika mtu anayetoka damu?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Haron akarudia kuchokonoa meno. Eucabeth aliosha vyombo vyote vya wageni peke yake, akivigonganisha kiasi kwamba binti yao Gesare alichungulia jikoni mara mbili kuona kama kuna kilichovunjika.

Jumatatu alikuwa mlangoni pa mkuu wa chuo kabla mkuu mwenyewe hajafika. Madam Lorna Anyona alikuwa muuguzi wa zamani, mwanamke mpana mwenye miwani ya kamba. Alimsikiliza Eucabeth mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe nakala ya fomu."

Eucabeth akaitoa. Ilikuwa bado imekunjwa mara nne. Madam Lorna akaikunjua na kuisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"'Mwanafunzi alimwacha mgonjwa wake kwenda kumsaidia mwingine aliyekuwa hatarini. Hilo ni sahihi na amepewa alama.' Umesikia? Amekupa alama." Akaendelea. "'Trei iliachwa wazi bila kufunikwa, mwanafunzi akiwa ameipa mgongo. Aliporudi hakunawa mikono, na alitaka kuendelea na trei ile ile. Kosa la msingi.'"

Aliiweka fomu mezani.

"Ni uongo?"

Eucabeth alitaka kusema kwamba maji yako mwisho wa wodi, hatua arobaini, na bomba lenyewe hukauka. Alitaka kusema trei nyingine iko mbali, na mtu wa kuifuata ni nani. Vyote vilikuwa kweli. Lakini Madam hakuwa ameuliza hayo.

"Si uongo," akasema.

"Basi utarudia. Majina yanapelekwa kwa Baraza Ijumaa ya wiki ijayo. Usipofaulu kufikia hapo, utangoja awamu nyingine, miezi sita."

"Naweza kupimwa na mwalimu mwingine?"

"Mwalimu mwingine wa wodi aliacha kazi mwezi wa pili. Unamjua wa kuniletea?"

Ndipo yakaanza masumbuko. Jumatano walikubaliana saa tatu asubuhi; Eucabeth alisimama wodini mpaka saa saba, akaambiwa mwalimu ameitwa mkutanoni. Alhamisi mwalimu alikuja, lakini mtambo wa kuchemshia vyombo ulikuwa umeharibika na hapakuwa na trei hata moja. Ijumaa fundi hakuja. Jumatatu fundi alikuja, akaangalia, akaenda kutafuta kipuri. Eucabeth alizunguka katika korido ile kama mtu anayedaiwa, akiuliza swali moja na kupewa jibu moja: ngoja.

Siku hiyo ya Jumatatu, kwa kuchoka kusimama, aliketi kwenye stuli kando ya kitanda cha tisa. Kwamboka alikuwa anakula ndizi. Mguu wake ulikuwa umeanza kuwa na rangi nzuri.

"Sista, mbona hukurudi kunifunga?" Kwamboka aliuliza. "Wewe una mkono mwepesi."

"Nilikosea, wakanikataza."

"Ulikosea nini? Mimi nilikuwa hapa. Ulimsaidia mong'ina."

Eucabeth akafungua kinywa aisimulie ile hadithi, akaona haina ladha. Akauliza badala yake, "Hiki kidonda kilioza vipi? Jembe tu?"

"Jembe lilikata kidogo. Nilikwenda zahanati ya karibu, nikafungwa." Kwamboka alikunja ganda la ndizi. "Sista wa pale alikuwa peke yake. Alikuwa ananifunga, akaitwa kumshika mtoto anayetapika, akarudi kwangu, akaitwa tena, akarudi. Siku ya tatu mguu ukaanza kunuka."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Simlaumu, maskini. Alikuwa mtu mzuri sana. Hata aliniombea."

Eucabeth aliutazama mguu ule. Si yeye aliyemfunga, yeye alikuwa chuoni wakati huo, na Suneka si Kebirigo. Alijiambia hivyo mara kadhaa. Lakini miaka kumi na minne ilikuwa mingi, na katika miaka hiyo aliitwa mara nyingi, na mara nyingi alirudi kwenye trei ile ile. Wangapi walikwenda nyumbani, siku ya tatu mguu ukaanza kunuka, wakasema sista alikuwa mtu mzuri? Hakukuwa na mahali pa kuuliza. Waliopona walirudi kumshukuru, na waliokwenda hospitali kubwa hawakuwa na sababu ya kurudi kumwambia.

Alisikia hasira yake ikitafuta mahali pa kwenda. Kwa Ombui haikutosha tena. Kwake mwenyewe ilikuwa kubwa mno.

Alhamisi, siku moja kabla ya majina kupelekwa, mtambo ulifanya kazi. Trei tatu zilitoka. Mwalimu Ombui alifika saa nne na kalamu zake tatu, na mgonjwa safari hii alikuwa msichana aliyepasuliwa jipu begani. Eucabeth alitembea hatua arobaini, akakuta bomba linatoa maji membamba kama uzi, akanawa mpaka mwalimu akaanza kutazama saa. Hakuna bibi aliyeshuka kitandani. Hakuna aliyelia. Mara moja tu, mgonjwa wa upande wa pili aliomba maji ya kunywa. Eucabeth akafunika trei, akaita mwanafunzi aliyekuwa mlangoni amsaidie mgonjwa yule, ndipo akafunua akaendelea. Alijisikia mzito na mpole kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

Mwalimu Ombui alijumlisha alama mara mbili.

"Umefaulu. Sabini na moja."

"Asante, Mwalimu."

Hakuondoka. Mwalimu akainua macho.

"Kuna kingine?"

"Uliyoandika mara ya kwanza yalikuwa kweli," Eucabeth akasema. "Nimekutukana chuo kizima na kanisa zima, na yalikuwa kweli. Lakini nami nikuulize. Wagonjwa thelathini na wawili, muuguzi mmoja, bomba moja, na mtambo unaokufa wiki nzima. Hilo linaandikwa kwenye fomu gani?"

Mwalimu Ombui alirudisha kalamu mfukoni. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka.

"Nimeliandika mara nyingi, sista. Barua. Hakuna fomu."

"Na ukaacha?"

"Sijaacha. Sijajibiwa."

Walitazamana pale kati ya vitanda, watu wawili wasiopendana, kila mmoja akitaka kumlaumu mwenzake na kukosa pa kuanzia. Kisha mwalimu akachukua ubao wake akaenda zake.

Ijumaa asubuhi orodha ya majina ilibandikwa nje ya ofisi ya usajili. Wasichana walirukaruka wakipiga picha majina yao. Eucabeth alipita katikati yao, akatembeza kidole kuanzia juu. Alijikuta namba thelathini na nne: Eucabeth Nyamoita, na mbele yake, katika safu ya jinsia, waliandika MWANAMUME.

Alisoma mara tatu. Akaingia ofisini.

"Kijana," akamwambia karani, "mimi nimezaa watoto watatu."

Karani akaitazama orodha, akajikuna shingo. "Pole, mathe. Ni makosa ya kuchapa. Lakini anayerekebisha ametoka. Orodha inaondoka saa nane."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Hakusema. Ungerudi baadaye kidogo."

Eucabeth alivuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka mbele ya meza, katikati kabisa mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuingia wala kutoka bila kumruka. Akakaa. Akapakata mkoba wake.

"Sirudi baadaye," akasema. "Mpigie simu. Niko hapa."

Ilikuwa saa nne na robo. Karani akamtazama, akachukua simu, akaanza kupiga.